Kumpiga picha ndege asiyetulia angani

Mbayuwayu hapigiki picha kirahisi. Yuko kushoto, mara kapanda, mara kageuka, na ukitazama kwenye kioo cha kamera unakuta maji matupu. Wengi huishia hapo wakidhani wanachokosa ni kamera ya bei kubwa. Nimekuwa nikipiga picha za ndege Ziwa Naivasha, Kenya, kwa miaka sasa, na jambo ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: ndege yeyote, hata awe mwepesi namna gani, kuna mahali anaponyooka. Mtafute hapo, umsubiri hapo.

Mbayuwayu akiwinda, anamfuata mdudu, na mdudu naye anakwepa. Wakati huo mwache. Akishikwa na kiu mambo hubadilika, kwa sababu hatui ili anywe. Hushuka hadi juu kidogo ya maji, akatandaza mabawa, akafungua mdomo na kuchota akiwa kwenye mwendo uleule, ndipo anapanda. Mstari wa kushuka umenyooka kama rula, na mara nyingi atazunguka aurudie. Piga magoti ukingoni, kamera iwe chini karibu na maji, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwako. Mwanga unaorudishwa na ziwa utamulika tumbo lake, na ule wekundu wa kutu kooni utaonekana vizuri. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya na Asia huwa huku kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, kwa hiyo panga safari yako ndani ya miezi hiyo.

Upepo nao ni rafiki yako. Alasiri Naivasha upepo huamka, na watu wengi hufunga mikoba. Mimi ndio kwanza nakaa sawa. Ndege anayeruka kuukabili upepo husogea polepole zaidi juu ya ardhi, na wakati wa kutua karibu kila ndege huelekeza kichwa upepo unakotoka. Upe upepo mgongo, basi, nao watakuja wakikutazama.

Kama ndio unaanza, usianze na mbayuwayu. Anza na mdiria, yule wa rangi nyeusi na nyeupe. Huyu husimama hewani akipiga mabawa papo hapo, mdomo ukielekea chini, kichwa hakitikisiki kabisa, macho yamekaza majini. Una muda wa kutosha kumweka kwenye fremu. Mwili ukishaanza kupinduka tu, bonyeza na uendelee kubonyeza. Pima mwanga kwa ule weupe wa kifua, maana ukiungua, yaani ukizidiwa na mwanga, hakuna programu itakayourudisha. Kisha nenda kwa keremkerem. Akikamata nyuki hurudi kwenye kijiti kilekile, akampigapiga na kumsugua mpaka mwiba utoke. Kwa kuwa hutua akikabili upepo, acha nafasi kwenye fremu upande ule upepo unakoelekea; ndiko atakakotokea. Ila kaa mbali na kingo za udongo wanakochimba viota. Akizunguka juu na chakula mdomoni bila kuingia shimoni, umemzuia wewe. Ondoka.

Kuhusu mipangilio, kwa mbayuwayu naweka kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka kupitisha mwanga, 1/3200 ya sekunde au ya haraka zaidi. Kwa mdiria aliyesimama hewani 1/2000 inatosha. Mwanga naupanga mwenyewe, kwa sababu nyuma ya ndege patakuwa anga, mara mafunjo, mara maji, na kamera ikiachiwa ichague itabadilisha mwanga ilhali ndege ni yuleyule. Lenzi ya milimita 300 au 400 ni bora hapa kuliko ya 600. Ile ndefu huona kipande kidogo cha anga na utampoteza. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege husaidia sana anga likiwa tupu, lakini akipita mbele ya mafunjo fokasi huweza kurukia majani. Angalia pia shata ya kielektroniki: kwenye kamera nyingi hupindisha mabawa yanayopigwa kwa kasi. Tumia ile ya kawaida, inayofunguka na kufunga kwa mitambo.

Mwone kwanza kwa macho akiwa bado mbali, ndipo uinue kamera. Viwiko vibane mbavuni, ugeuke kwa kiuno, na usisimamishe lenzi mara tu unapobonyeza.

Ukipanda boti, utaona baadhi ya waendeshaji wakipiga mluzi na kurusha samaki ili tai mla samaki ashuke. Picha hupendeza, sikatai, lakini tai huyo anafundishwa kufuata boti badala ya kuwinda, na mimi huomba tusifanye hivyo. Afadhali mwendeshaji azime injini kando ya mafunjo, mbali na viboko, mkae. Wadiria watarejea wenyewe kwenye vijiti vyao, na mbayuwayu watapita karibu kuliko ulivyotarajia.

Ukifika nyumbani, kuza kila picha uangalie jicho. Ncha za mabawa zikiwa zimefifia kwa mwendo, naibakiza. Jicho likififia, naifuta.