Ekari Moja ya California Ilikwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kabla ya kura ya mwaka 2016 tuliambiwa kwamba sheria ya kuhalalisha bangi California ingewapa wakulima wadogo miaka 5 ya kujijenga kabla ya leseni kubwa kuanza kutolewa. Mbona mashamba makubwa yalikuwapo tangu mwanzo, huku wakulima wa Humboldt wakifunga yao? Je, makampuni hayo yalivunja sheria?
Msomaji, Sacramento

JIBU: Ndugu msomaji, hayakuvunja sheria, na hilo ndilo linalowauma zaidi wakulima wa Humboldt, Mendocino na Trinity, kaunti tatu za kaskazini ambako zao hili lililimwa kwa kificho kwa miongo kadhaa. Pendekezo la 64, lililopitishwa na wapiga kura Novemba 2016, lilizuia leseni ya daraja kubwa, yaani ya shamba la nje linalozidi ekari moja, isitolewe hadi tarehe 1 Januari 2023. Wengi walielewa kwamba katika kipindi hicho hakuna mtu angelima zaidi ya ekari moja. Kifungu chenyewe, hata hivyo, kilipima ukubwa wa leseni, wala hakikugusa idadi ya leseni ambazo mtu mmoja angeweza kumiliki.

Suala la idadi liliachiwa kanuni, na Novemba 2017 Idara ya Chakula na Kilimo ya jimbo hilo ilitoa kanuni za dharura zilizoruhusu kila mtu leseni moja tu ya daraja la kati, ile inayofikia ekari moja, lakini hazikuweka kikomo chochote kwa leseni ndogo za futi za mraba 10,000, ambazo ni kama robo ya ekari. Kampuni yenye mtaji, basi, haikuhitaji kuisubiri leseni kubwa: iliomba leseni ndogo kwa makumi na kuzitumia zote kwenye ardhi moja. Hayo yalionekana wazi katika kaunti ya Santa Barbara, ambako vitalu nyumba vya Carpinteria vilivyokuwa vikikuza maua ya kupamba viligeuzwa kuwa vya bangi. Chama kilichowawakilisha wakulima kilifungua kesi Januari 2018 kupinga kanuni hizo, lakini utaratibu haukubadilika.

Kwa maoni yangu, waandishi wa kanuni walijua vema ni nani atakayenufaika; ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyezuia leseni ya pili ya daraja la kati alisahau kuhesabu zile ndogo.

Kodi nayo ilitozwa kwa uzito badala ya bei. Ilianza Januari 2018 ikiwa dola 9.25 kwa kila aunsi ya maua makavu, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa dola 10.08, sawa na dola 161 kwa ratili. Bei ya jumla ilipoporomoka mwaka 2021 kwa sababu ya wingi wa mazao, kodi hiyo haikushuka, hivyo mkulima asiye na akiba alilipa sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kila bei ilipopungua. Ilifutwa tarehe 1 Julai 2022, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuacha. Wala ziada haikuweza kuuzwa nje ya jimbo, kwa kuwa sheria ya shirikisho inakataza.

SWALI: Je, mkulima hawezi kumuuzia mteja shambani, kama wafanyavyo wenye mashamba ya mizabibu?
Msomaji huyo huyo

JIBU: Kwa leseni ya kilimo peke yake, hawezi. Mazao hupitia kwa msambazaji mwenye leseni, yakapimwa maabara, ndipo yakafika dukani. Na miji na kaunti nyingi zimekataa maduka hayo kabisa. Ipo leseni ya biashara ndogo inayounganisha kilimo na uuzaji, lakini nayo hutegemea ridhaa ya serikali ya mahali. Njia ninayoiona na manufaa zaidi ni sheria ya mwaka 2020 kuhusu majina ya asili: bangi haiwezi kubeba jina la asili lililosajiliwa la eneo fulani isipokuwa imepandwa ardhini, bila kitalu nyumba wala taa. Sharti hilo mwenye vitalu wa Carpinteria hawezi kulikwepa kwa kuongeza leseni, ingawa halitamfaa mkulima wa Humboldt mpaka wanunuzi wawe tayari kulilipia jina hilo.