Maswali na majibu: Kuumaliza mkopo wa nyumba kabla ya siku zake

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu mkopo wa nyumba na hamu ya kuutua mapema. Ili tusichanganyane kwenye hesabu, nitatumia mkopo mmoja wa mfano: milioni 10, riba ya asilimia 12 kwa mwaka, miaka 20, rejesho la 110,109 kila mwezi. Riba yako ikiwa ndogo kuliko hiyo, tofauti nitakazoonyesha zitapungua, lakini mwelekeo utabaki uleule.

Nimelipa miaka 4 bila kuruka hata mwezi mmoja. Juzi nimeomba salio, nikakuta deni limepungua kidogo mno. Je, benki inaniibia?

Sidhani, ingawa uchungu wako naujua, maana wengi hukutana na salio la namna hiyo na kukata tamaa. Riba hukokotolewa kila mwezi juu ya salio lililobaki. Kwenye mkopo wetu wa mfano, riba ya mwezi wa kwanza ni asilimia 1 ya milioni 10, yaani 100,000. Katika rejesho lako la 110,109, fedha iliyogusa deni la msingi, yaani kile kiasi ulichokopa bila riba, ni 10,109 basi. Mwezi wa pili riba inashuka kwa 101, na deni la msingi linapata 10,210. Ndivyo inavyokwenda, polepole, mwezi baada ya mwezi.

Baada ya miaka 4 mtu huyu ameshalipa karibu milioni 5.3, na deni limepungua kwa takriban 619,000. Nusu ya deni ataifikia mwaka wa 15 ukiwa ukingoni. Hakuna wizi hapo, ndivyo marejesho yanayolingana kila mwezi yanavyopangwa.

Hata hivyo, chukua taarifa ya mkopo uisome mstari kwa mstari. Ukiona salio limesimama palepale au linapanda, huenda kuna faini za ucheleweshaji, ada au bima zinazoongezwa juu ya deni. Hizo ziulizie kwa maandishi, na udai majibu kwa maandishi.

Uwezo wangu ni kuongeza kidogo tu, kama 10,000 kwa mwezi. Kuna maana yoyote, au najisumbua?

Kuna maana kubwa, na natamani kila mwenye mkopo mchanga alisome jibu hili. Ukiongeza 10,000 kila mwezi tangu mwanzo kwenye mkopo wetu wa mfano, unaumaliza kwa miaka 15 badala ya 20. Jumla utakayokuwa umeongeza ni kama milioni 1.8, lakini riba utakayokwepa inazidi milioni 4.8.

Sababu yake ni hii. Ukilipa rejesho la kwanza na juu yake ukaweka 10,210, umeshalipa sehemu ya deni la msingi iliyokuwa ilipwe mwezi wa pili. Mkopo wako umeruka mwezi mzima. Yaani kwa 10,210 umefuta rejesho moja la 110,109 kule mwishoni. Subiri mpaka umalize miaka 15 ndipo uanze, na kufuta rejesho moja kutakugharimu zaidi ya 60,000. Kwa hiyo usingoje mshahara upande. Kidogo cha sasa kina nguvu kuliko kingi cha baadaye.

Sasa mahali ambapo watu huumia. Kuweka fedha ya ziada kwenye akaunti hakutoshi, lazima benki ijue ni ya nini. Benki nyingine huihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao lililowahi, nyingine huiacha imekaa tu, na deni lako halipungui hata kidogo. Andika barua au baruapepe yenye mambo mawili: kwanza, kwamba fedha hii ipunguze deni la msingi siku ileile inapoingia, pili, kwamba rejesho libaki lilivyo na muda wa mkopo ndio ufupishwe. Wakikupunguzia rejesho badala ya muda, utapata nafuu ya kila mwezi, lakini sehemu kubwa ya faida niliyoieleza itapotea, isipokuwa uendelee kulipa kiasi cha zamani kwa hiari yako. Mwezi unaofuata omba taarifa uangalie salio limeshuka kwa kiasi gani. Lisiposhuka inavyotakiwa, rudi kwao wiki hiyohiyo.

Mume wangu anataka kila senti inayobaki iende kwenye mkopo. Mimi nataka tuwe na akiba. Tumeanza kununiana. Nani yuko sahihi?

Dada yangu, nyote wawili mko sahihi kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yako.

Fedha ikishaingia kwenye mkopo, kwa kawaida hairudi. Shemeji anaweza kulipa ziada miaka 3 mfululizo, kisha kazi ikasimama, na benki bado ikadai rejesho la mwezi huo kama kawaida. Mikataba mingi haihesabu ziada ya zamani kuwa kinga ya mwezi uliokosa. Nyumba nyingi zimepotea mikononi mwa watu waliokuwa na bidii ya kulipa lakini hawakuwa na fedha taslimu siku ya shida. Kwa hiyo wekeni kwanza akiba ya dharura ya matumizi ya miezi 3 hadi 6, rejesho la mkopo likiwa ndani yake. Kama kipato chenu hakitabiriki, elekeeni kwenye 6 au zaidi. Kama kuna madeni yenye riba kali kuliko ya nyumba, yamalizeni kabla hamjaongeza hata senti kwenye mkopo wa nyumba.

Hapo sasa inaingia zamu ya mume wako. Akiba inayozidi dharura pimeni riba yake dhidi ya riba ya mkopo. Kama benki inakupeni asilimia 7 kwenye akiba na kukutozeni 12 kwenye mkopo, kila 100,000 inayokaa kwenye akiba inakugharimuni 5,000 kwa mwaka, na ikikatwa kodi kwenye faida hasara inazidi. Hesabu ikigeuka, yaani mkopo wenu ni wa zamani wenye riba ndogo isiyobadilika na akiba inalipa zaidi, basi limbikizeni kwenye akiba bila kujilaumu.

Ulizeni pia kama benki yenu ina akaunti ya akiba inayounganishwa na mkopo. Zipo katika nchi kama Australia na Uingereza. Ukiwa na deni la milioni 10 na milioni 1 kwenye akaunti hiyo, riba inatozwa juu ya milioni 9, na fedha yako bado unaweza kuichukua. Kwa wanandoa wanaovutana kama ninyi, sijaona suluhisho zuri kuliko hilo.

Nimeambiwa kuna faini nikilipa mapema. Niache?

Piga hesabu kabla ya kuacha. Tuseme unataka kulipa milioni 1 na faini ni asilimia 2, yaani 20,000. Kwa riba ya asilimia 12, hiyo milioni 1 inakutafunia 10,000 kila mwezi. Faini imejilipa ndani ya miezi 2. Lakini kama mkopo wako umebakiza miezi michache, au kipindi cha faini kinakwisha karibuni, subira ina faida.

Soma mkataba kwa makini hasa kama riba yako haibadiliki kwa miaka fulani, maana hapo ndipo faini hupatikana zaidi. Nchini Uingereza mikopo mingi ya aina hiyo huruhusu kulipa ziada hadi asilimia 10 ya salio kila mwaka bila faini. Uliza kiwango chako ni kipi, halafu ujipange chini yake.

Rafiki yangu analipa nusu ya rejesho kila baada ya wiki 2 na anasema ni siri kubwa. Ni kweli?

Ni kweli inafupisha mkopo. Mwaka una wiki 52, hivyo analipa nusu 26, sawa na marejesho 13 badala ya 12. Unaweza kupata karibu matokeo yaleyale kwa kugawa rejesho lako kwa 12 na kuongeza kiasi hicho kila mwezi. Usimlipe mtu ada akupangie jambo hilo.

Nyumba yangu nimeipata kwa utaratibu wa Kiislamu, hakuna riba. Nikilipa mapema napata nafuu yoyote?

Inategemea mkataba. Kama ni murabaha, benki ilinunua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyojulikana tangu siku ya kwanza, faida yao ikiwa ndani. Deni ni bei hiyo, kwa hiyo kuwahi kulipa peke yake hakuipunguzi. Benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida, jambo linaloitwa ibra, lakini uliza kabla hujatoa fedha ni kwa kiwango gani. Kama ni musharaka inayopungua, hali ni tofauti: wewe na benki mnamiliki kwa hisa, unazinunua hisa zao na kuwalipa kodi ya pango kwa sehemu iliyobaki. Kadiri unavyozinunua haraka ndivyo kodi inavyopungua, ilimradi mkataba uruhusu.

Nimebakiza marejesho machache na ninataka kufunga yote kwa mkupuo. Nifanye nini?

Hongera sana. Usilipe kwa kuangalia salio la taarifa ya mwezi uliopita, maana tangu hapo riba imeendelea kuongezeka siku hadi siku. Omba benki kiasi kamili cha kufungia mkopo, kikiwa na tarehe ya mwisho ya kukilipa. Ukishalipa, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, uchukue hatimiliki yako, na uhakikishe rehani imefutwa kwenye rekodi za usajili wa ardhi. Wengi huishia kwenye barua, kisha miaka baadaye wakitaka kuuza au kurithisha wanakuta jina la benki bado lipo kwenye rekodi. Simamisha pia makato ya kila mwezi kwenye akaunti yako. Bima ya nyumba usiiache ikatike pamoja na mkopo: ikate upya kwa jina lako, kwani ile iliyopita huenda ilimtaja mkopeshaji kuwa wa kwanza kulipwa.