Maswali na Majibu: Hull House ya Chicago na Majirani Zake

Tangu nilipoandika kuhusu Hull House, nyumba iliyofunguliwa na Jane Addams huko Chicago, Marekani, mwaka 1889 ili wasomi wahamie na kuishi katikati ya wahamiaji maskini, maswali yamekuwa mengi. Ninajibu machache.

Je, Jane Addams alikuwa mtawa, na Hull House ilikuwa kituo cha yatima? – Msomaji, Dodoma

Hapana, kwa yote mawili. Swali hili linarudi kila mara, nami nawaomba wasomaji wasome makala kwanza, kisha waulize.

Wazo lenyewe lilikuwa la nani? – Msomaji, Mombasa

Halikuwa la Addams. Kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianzisha nyumba ya aina hiyo, Toynbee Hall, mashariki mwa London mwaka 1884, na Addams aliitembelea kabla ya kupanga, pamoja na rafiki yake Ellen Gates Starr, jumba la zamani la Charles Hull katika barabara ya Halsted. Tofauti ni kwamba Toynbee Hall ilikaliwa na vijana wa kiume waliotoka Oxford na Cambridge, ilhali Hull House iliongozwa na wanawake, wakati ambapo wao wenyewe hawakuwa na haki ya kumchagua rais wa nchi yao.

Kwa nini unaisifu kuliko mashirika yanayogawa chakula na nguo? – Msomaji, Kisumu

Kwa sababu ya sharti la kuishi pale. Wakazi wa Hull House walilipia chumba na chakula chao wenyewe, na takataka zilizooza nje ya milango ya majirani zilioza nje ya mlango wao pia. Mwaka 1895 Addams alikubali kuwa mkaguzi wa takataka wa kata hiyo, akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya kuzizoa. Florence Kelley, aliyehamia pale mwaka 1891, alizunguka katika vyumba ambamo wanawake na watoto walishona nguo kwa ujira duni, na ushahidi aliokusanya ulisaidia kupatikana kwa sheria ya Illinois ya mwaka 1893 iliyozuia kuajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14 na kuweka kikomo cha saa nane za kazi kwa wanawake. Mahakama ilikifuta kikomo hicho mwaka 1895. Mwaka huohuo wakazi walichapisha ramani zilizoonyesha asili na mapato ya familia za mtaa, nyumba kwa nyumba, na mwaka 1899 juhudi zao zilichangia kuanzishwa kwa mahakama ya watoto ya Chicago, ya kwanza nchini Marekani. Anayegawa unga bila kuuliza kwa nini mshahara wa jirani hautoshi kununua unga atagawa mpaka achoke, na jirani atabaki na njaa. Jihadharini na wafadhili wanaofika asubuhi na kamera na kuondoka kabla ya jua kutua.

Mbona hukutaja watu weusi? – Msomaji, Dar es Salaam

Swali zuri, na linastahili jibu lisilozungukazunguka. Kwa miongo mingi Hull House iliwahudumia hasa Waitalia, Wagiriki na Wayahudi, kisha Wameksiko, na watu weusi walikuwa wachache mno. Addams alitia saini wito wa mwaka 1909 uliozaa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, lakini saini hiyo haifuti pengo la nyumbani kwake. Ida B. Wells, mwanahabari mweusi wa Chicago, alilazimika kuanzisha kituo chake cha watu weusi mwaka 1910, chenye chumba cha kusomea, malazi na msaada wa kutafuta kazi, kwa fedha kidogo sana. Anastahili kusomwa kabla ya Addams.

Ilikufaje? – Msomaji, Nairobi

Ilikufa mara mbili. Jiji lilichagua eneo hilo kwa ajili ya chuo kikuu, majirani wakiongozwa na Florence Scala wakapinga hadi mahakamani wakashindwa, na mwaka 1963 majengo mengi kati ya 13 yakabomolewa. Shirika lilitawanya huduma zake jijini na kuendelea hadi Januari 2012, lilipofilisika na kufungwa ghafla, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa mikataba ya serikali iliyokuwa ikipungua. Bodi za vituo vya jamii vya miji yetu zinazotegemea mfadhili mmoja zizichunguze hesabu zao sasa.

Kuna kilichobaki? – Msomaji, Tanga

Majengo mawili: jumba la Hull na ukumbi wa kulia chakula, ambayo ni makumbusho ya chuo kikuu kilichochukua eneo hilo. Ukifika, waulize pia habari za familia zilizohamishwa.