Maswali ya Wasomaji: Madirisha ya Hardwick Hall

SWALI: Pichani, Hardwick Hall ya Derbyshire, Uingereza, ni kama vioo vitupu. Ila nimesoma kwamba nyuma ya baadhi ya madirisha kuna ukuta. Yalizibwa kukwepa ile kodi ya madirisha, iliyotozwa kulingana na idadi yake? Na kuta zenye matundu kiasi hicho zinabebaje ghorofa?

JIBU: Kodi haihusiki. Ilianza 1696 na kufutwa 1851, ilhali Bess wa Hardwick, bibi tajiri mwenye jumba, alilijenga kati ya 1590 na 1597. Hayo ni madirisha ya uongo tangu mwanzo. Robert Smythson, anayetajwa kuwa msanifu wake, alitaka kulia kulingane na kushoto, chumba kihitaji mwanga kisihitaji.

Siri ya uzito iko ndani. Meko na dohani zikijengwa kwenye ukuta wa nje hula nafasi ya madirisha, kwa hiyo hapa ziliingizwa katika kuta nene za ndani, ambazo pia hubeba mzigo mkubwa wa sakafu. Madirisha nayo hurefuka kadiri unavyopanda: chini palikuwa pa watumishi, katikati makazi ya Bess, juu kabisa vyumba vya fahari. Baridi ya vyumba hivyo wakati wa Januari ni habari nyingine.

Kinachosumbua madirisha ya aina hii ni chuma. Vioo ni vipande vidogo vilivyoshikwa kwa risasi (ile metali laini), navyo hufungwa kwenye fito za chuma zilizochomekwa katika jiwe. Fito ikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe. Ukiona ufa karibu na ncha ya fito, usiuzibe kabla ya kushughulikia kutu.

SWALI: Viungo vya mawe vya nyumba kama hiyo vikilika, saruji inafaa?

JIBU: Haifai. Saruji ni ngumu na hairuhusu unyevu kutoka, hivyo maji hupitia kwenye jiwe, yakaganda, na uso wa jiwe ukabanduka. Tumia chokaa sehemu 1 kwa mchanga mkali (wenye chembe za kukwaruza) sehemu 3. Chimbua kiungo kwa patasi hadi kina cha mara mbili ya upana wake (grainda hukata kingo za mawe), kisafishe, kiloweshe, ndipo ushindilie. Funika kwa magunia yenye unyevunyevu siku kadhaa, na usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.