Kabla Mkasi Haujagusa Kitambaa: Kwa Wanaoanza Kushona na Wanawake wa Kimaya

Ukijiunga na kikundi cha wanawake wa Kimaya, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanaoshona mikoba katika vijiji vya kando ya ziwa Atitlán, nchini Guatemala, usianze kwa kuuliza cherehani iko wapi. Kitambaa utakachoshona kimefumwa na mwanamke aliyefunga mtande wake, yaani nyuzi za urefu, kwenye nguzo upande mmoja na kiunoni mwake upande wa pili, na kwa kuwa upana wake hauzidi pale mikono yake inapofika, patani yoyote ya dukani, yaani kielelezo cha kukatia, italazimika kupangwa upya. Hata huipil, blauzi ya asili ya wanawake hao, mara nyingi huungwa kwa vipande viwili au vitatu ambavyo kingo zake zimefumwa na hazikukatwa, bila kupoteza hata ukanda mdogo.

Kwa hiyo anayeanza apewe bitana na zipu kwanza, na mkasi wa kukatia kitambaa kilichofumwa kwa mkono abaki nao mkataji mmoja mzoefu. Nitasisitiza hili hata kama wenzako watakuona mchoyo: kosa la kushona hufumuliwa, bali kosa la kukata hufuta kazi ya siku nyingi ya mtu mwingine. Kitambaa kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hunywea na rangi nyingine huchuja. Kingo zilizokatwa zizungushiwe mshono wa zigizaga mara moja, maana hufumuka haraka. Sindano namba 14 au 16 hutosha.

Kuhusu malipo, mfumaji alipwe anapokabidhi kitambaa, wala asingojee mkoba uuzwe. Mshonaji alipwe kwa kila kipande kilichokaguliwa, na yote yaandikwe katika daftari moja ambalo kila mwanachama anaweza kulifungua. Ushirika wa aina hii si mgeni huko, kwani TRAMA Textiles, ushirika wa wanawake wafumaji wa mji wa Quetzaltenango, ulianzishwa mwaka 1988, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Vilevile, usinakili nakshi za mji mwingine kwa sababu tu zinauzika, kwani mwaka 2016 wafumaji walifika hadi Mahakama ya Katiba wakidai ulinzi wa nakshi zao.

Soko la Chichicastenango hufanyika Alhamisi na Jumapili; mikoba ya kuuzwa huko iwe imekaguliwa na kupigwa pasi siku moja kabla.