Jibu: Motoka imepelekwa furiere Lubumbashi, nianzie wapi?

Ndugu yangu, pole. Umesema polisi ya barabarani walichukua motoka Jumamosi wakaipeleka furiere (yadi ya magari yaliyokamatwa) kwa sababu dereva wako hakubeba asiransi (bima), na sasa mtu kwenye geti anadai makuta (pesa) bila karatasi. Usimpe.

Anza na PV, ile karatasi ya polisi inayoandika kosa. Soma kosa lililoandikwa, maana njia yote inategemea hapo. Kama ni karatasi tu, peleka karte roze (kadi ya usajili wa motoka), asiransi, vinyeti (stika ya kodi ya motoka), kontrole tekiniki (karatasi ya ukaguzi wa motoka) na permi (leseni) ya dereva, orijino pamoja na fotokopi mbili mbili. Angalia namba ya shasi kwenye karte roze herufi kwa herufi: 0 iliyopigwa kama O inatosha kukurudisha nyumbani. Kama karte roze ingali kwa jina la aliyekuuzia, beba akti (hati) ya mauzo au prokirasyo (karatasi ya kukupa mamlaka) yenye sahihi yake. Wengi hukwama hapo hapo.

Omba nota ya kulipia, ulipe benki, uchunge bodero (risiti ya benki). Nenda mapema, kwani gharama za motoka kulala furiere huhesabiwa kwa siku.

Kungekuwa na aksida (ajali) yenye majeruhi, faili ingeenda parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na bila ruhusa ya majistra (afisa wa sheria wa hapo) geti lisingefunguka hata ulipe.

Kabla ya kusaini umepokea, fungua boneti mbele yao. Batri ni ile ile? Tazama jeki, gurudumu la akiba, redio, piga picha ya kilomita. Kinachokosekana kiandikwe kwenye karatasi ya kutoka. Ukishavuka geti, hakuna atakayekusikiliza.