Fragments za Bridget Riley si vioo vilivyopakwa rangi
Wengine hudhani Fragments za Bridget Riley, mchoraji Mwingereza wa michoro inayochezea macho, ni vioo vilivyopakwa rangi. Hapana, si kioo na hakuna brashi iliyopita hapo. Fragments (1965) ni chapa 7 za skrini (wino husukumwa kupitia wavu wenye stensili, yaani kiolezo kilichokatwa), zilizochapwa kwenye karakana ya Kelpra Studio, London, kwenye bamba la plastiki angavu, Perspex. Wino uko upande wa nyuma, ndiyo maana kwa mbele unaona uso laini unaong'aa kama kioo. Mimi huchapa fulana kwa skrini: ukikata stensili vizuri, ukingo wa weusi unatoka mkali kama wembe, na ukali huo ndio unaofanya jicho liyumbe. Wino ukivuja kidogo tu, mchezo umekwisha. Ila usichanganye na Fall, mchoro wake wa 1963, ule wenye mistari ya mawimbi. Huo ni rangi kweli, juu ya ubao.